FIFA au PES, Ipi Halali? Swali Kutoka Ifakara na Jibu Lake

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'd:

Tumepokea swali kutoka Ifakara, mkoani Morogoro. Aliyeuliza ni mzee mwenye asili ya Pemba ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua mpunga katika bonde la Kilombero na kusafirisha mchele kuja visiwani. Tumeona swali lake linahitaji makala nzima, kwa sababu jambo analouliza lipo pia Chake Chake, Wete, na mitaa yote ya Ng'ambo hapa Unguja.

Kwa ufupi, mzee anaeleza hivi. Karibu na dukani kwake kuna kibanda cha gemu chenye televisheni mbili. Moja huchezwa FIFA na nyingine PES, na vijana wa mtaa wamegawika makundi mawili kama washabiki wa Simba na Yanga. Mwanawe ana miaka 15, naye ni wa kundi la PES. Mechi moja ni shilingi 500, na sheria ya kibanda ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa. Msimu wa mavuno, vijana wanapopata pesa za kuvuna, kupura na kubeba magunia, kibanda hujaa tangu baada ya Adhuhuri mpaka usiku. Siku moja mzee akagundua kuwa pesa zimetoka kwenye simu yake bila ya yeye kuzituma. Alipomhoji mwanawe, akajibiwa kuwa zimenunua "sarafu" za PES ya kwenye simu, ile ambayo mzee aliambiwa ni ya bure. Msikitini baadhi ya watu wakamwambia FIFA ni kamari lakini PES haina neno, wengine wakamwambia kinyume chake. Anauliza: katika hizi mbili, ipi ni halali?

Jibu letu, kwa tawfiki ya Allaah, ni kwamba hukumu haiko kwenye jina la gemu. Hukumu iko kwenye pesa: nani anatoa, anatoa kwa ajili ya nini, na je, anajua atakachopata? Ili hili lieleweke, ni lazima kwanza tueleze mashindano ya gemu hizi mbili, maana wazazi wengi wanasikia majina tu.

MASHINDANO YENYEWE NI YAPI?

Gemu iliyoitwa FIFA ilitoka mara ya kwanza mwaka 1993. Iliitengeneza kampuni ya Kimarekani ya EA, kwa kulipia haki ya kutumia jina la Shirikisho la Soka la Dunia. Miaka michache baadaye kampuni ya Kijapani ya Konami ikaingia uwanjani na gemu zake, kwanza International Superstar Soccer na Winning Eleven, kisha kuanzia mwaka 2001 Pro Evolution Soccer, ambayo vijana wanaiita PES.

Kwa miaka mingi ubishi wa vijana ulikuwa huu: FIFA ina majina, PES ina mpira. Wapenzi wa PES walisema mpira wake unachezeka kama mpira wa kweli. Lakini Konami haikuwa na mikataba ya ligi nyingi. Katika gemu zake za mwanzo Roberto Carlos aliandikwa "Roberto Larcos" ili jina lisifanane. Baadaye Liverpool ikaitwa "Merseyside Red" na Chelsea ikaitwa "London FC". Konami nayo ilikuwa na haki ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya kwa miaka kumi mpaka 2018, kisha EA ikaichukua. Mwaka 2019 Konami ikalipiza kwa kuichukua Juventus peke yake, na katika FIFA 20 timu hiyo ikaandikwa "Piemonte Calcio".

Mzazi ajue hapa kwamba jina la timu katika gemu ni mali inayouzwa na kununuliwa kwa mkataba. Ndiyo maana Ligi Kuu ya Tanzania Bara haikuwahi kuwemo katika FIFA wala PES. Na Zanzibar yetu, ambayo si mwanachama wa FIFA, na ambayo CAF iliipokea Machi 2017 na kuiondoa Julai mwaka huo huo, haimo kabisa. Kijana wa Ifakara na kijana wa Mkoani wanagombana mpaka kuvunja urafiki kwa ajili ya gemu ambazo timu zao za nyumbani hazimo.

Kisha majina yenyewe yakabadilika. Mwaka 2021 Konami iliacha jina la PES, ikaita gemu yake eFootball na kuitoa bure. Ilipotoka mwezi wa Septemba mwaka huo ilikuwa na kasoro nyingi mpaka kampuni ikaomba radhi, lakini haikurudi kuuza gemu kwa bei. Mwaka 2022 EA na FIFA wakatangaza kuachana baada ya takriban miaka 30. Vyombo vya habari viliripoti kuwa FIFA ilitaka zaidi ya dola bilioni 1 kwa kila miaka minne. Tangu Septemba 2023 gemu ya EA inaitwa EA Sports FC. FIFA nayo ikashirikiana na hasimu wa zamani: fainali za mashindano yake ya dunia ya gemu zilichezwa Riyadh, Desemba 2024, kwa kutumia eFootball ya Konami. Vijana bado wanasema FIFA na PES kwa mazoea, nasi tutatumia majina hayo hayo.

FAIDA ILIHAMIA WAPI?

Zamani kampuni ilipata faida kwa kuuza gemu. Mtu ananunua diski mara moja, anacheza mwaka mzima, biashara imekwisha. Huo ni uuzaji wa kitu kinachojulikana kwa bei inayojulikana.

Mwaka 2009 EA ilianzisha sehemu inayoitwa Ultimate Team. Mchezaji anajenga timu yake kwa kadi za wachezaji. Kadi anaweza kuzipata kwa kucheza muda mrefu, au kwa kununua pakiti kwa pesa. Pakiti ya kawaida imefungwa. Analipa kwanza, anafungua baadaye. Huenda akamtoa mshambuliaji mkubwa anayetamaniwa na kila mtu, na mara nyingi hutoa wachezaji asiowahitaji. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, EA ilipata zaidi ya dola bilioni 1.6 kutokana na Ultimate Team peke yake, kati ya mapato yake yote ya takriban dola bilioni 5.6. Konami nayo katika eFootball inauza sarafu, na sarafu hizo hutumika kubahatisha wachezaji.

Kwa hiyo aliyemwambia mzee wetu kuwa PES ni salama kwa sababu ni ya bure, hakuangalia vizuri. Mlango wa kuingilia ni bure, lakini ndani kuna duka. Kampuni hizi mbili, pamoja na uhasama wao wote, zimekutana katika jambo moja: kuuza bahati. Kijana anayejisifu kuwa yeye ni wa PES na si wa FIFA, anatoa pesa kwa njia ile ile.

ASILI YA MCHEZO KATIKA SHARI'AH

Uislamu haukuja kuharamisha kila mchezo. Imethibiti kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na Mama 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa), na kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya 'Iyd naye akawaacha. Wanachuoni wa madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani, waliujadili mchezo wa sataranji. Imaam An-Nawawiy aliueleza kuwa ni makruhu, lakini ukimfanya mtu apitwe na Swalah au ukichezwa kwa kuwekeana mali, unakuwa haramu.

Kipimo hicho kinatosha kwa gemu za mpira. Zipo khitilafu kuhusu picha na muziki, na mwenye kujiepusha kwa ajili hiyo ana hoja yake. Lakini mchezo wenyewe wa mpira ndani ya televisheni, ukichezwa kwa kiasi, bila matusi, bila kupoteza Swalah na bila mali kuwekwa katikati, wanachuoni wengi wa zama zetu hawaoni kuwa ni haramu. Katika hilo FIFA na PES ni sawa.

"ANAYEFUNGWA ANALIPA"

Hili ndilo lililoenea zaidi na ndilo linalochukuliwa kuwa jepesi zaidi.

Tuchukue hesabu ya kibanda cha Ifakara. Vijana wawili wanakaa kwenye benchi, kila mmoja na pedi yake. Mechi ni shilingi 500. Wote wawili wanatumia televisheni, umeme na muda wa mwenye kibanda. Kwa haki, kila mmoja anadaiwa shilingi 250. Lakini wamekubaliana kuwa atakayefungwa atalipa zote. Kabla ya mpira kuanza, hakuna anayejua kama atatoka bila ya kulipa kitu au atalipa 500. Kila mmoja yuko kati ya kupata na kukosa, na kinachoamua ni matokeo ya mchezo. Hiyo ndiyo qimaar, yaani kamari, kwa maana ambayo wanachuoni wameieleza: kila upande uko baina ya kufaidika na kupata hasara kwa gharama ya mwenzake.

Vijana hujibu: "Lakini pesa haiendi kwa mshindi, inakwenda kwa mwenye kibanda." Tunasema, angalieni vizuri. Mshindi alikuwa anadaiwa 250. Deni lake limelipwa na nani? Limelipwa na aliyefungwa, kwa sababu ya kufungwa. Faida ya mshindi ni hiyo 250 aliyookolewa. Pesa kupita mkononi mwa mtu wa tatu hakubadilishi kitu. Ndiyo maana wanachuoni wa zama zetu walipoulizwa juu ya mfano wa jambo hili, kama vile wacheza biliadi wanaokubaliana kuwa aliyeshindwa alipe ada ya meza, wamelikataza.

Na ndugu zetu wenye vibanda husema: "Mimi ninataka shilingi mia tano yangu tu, aliyelipa simjui." Kukodisha televisheni kwa mchezo wa mubaha ni biashara. Lakini anayeiweka sheria ya "anayefungwa analipa", na wengine huibandika ukutani, anawapangia vijana kamari. Allaah Ametukataza katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 2, kusaidiana katika dhambi na uadui.

Njia ya kutoka ni nyepesi sana, na haimpunguzii mwenye kibanda senti moja:

1. Kila mchezaji alipe nusu yake kabla ya mechi kuanza.

2. Au kibanda kitoze kwa muda, nusu saa kwa bei fulani, na wanaocheza wachangie sawasawa.

3. Au mtu mmoja ajitolee kuwalipia wote, kaka yao kwa mfano au mmoja wao, kwa sharti kwamba analipa akishinda au akishindwa.

Ama mashindano ya mtaa ambayo kila mmoja hutoa kiingilio na viingilio vikakusanywa viwe zawadi ya bingwa, hayo ni kamari ya wazi. Zawadi ikitolewa na mfadhili wa nje bila kiingilio, hapo kuna khitilafu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliruhusu mali ya mashindano katika mambo matatu: ngamia, mishale na farasi, kama ilivyopokelewa na Abu Daawuud, At-Tirmidhiy na An-Nasaaiy. Wanachuoni wengi wakazuia mali katika michezo isiyosaidia jihadi, na baadhi ya wa zama zetu wakalegeza pale ambapo hakuna mshiriki anayepata hasara. La salama zaidi ni kuacha.

PAKITI ZA WACHEZAJI

Pakiti iliyofungwa ina kasoro nyingine, nayo ni gharar, yaani kununua usichokijua. Katika Swahiyh Muslim, Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) amepokea kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza uuzaji wa gharar na uuzaji wa kijiwe. Wanachuoni wamefasiri uuzaji wa kijiwe kwa sura kadhaa. Mojawapo ni mtu kulipa kisha kurusha kijiwe juu ya nguo zilizotandazwa, na nguo itakayopigwa ndiyo yake. Hebu linganisha na pakiti: kijana analipa, anagusa kioo cha simu, na kadi itakayotoka ndiyo yake. Kioo kimechukua nafasi ya kijiwe.

Hata nchi zisizo za Kiislamu zimelitazama jambo hili. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema pakiti za namna hii ni kamari chini ya sheria zake, na kuanzia Januari 2019 EA ikaacha kuuza FIFA Points nchini humo. Uholanzi iliipiga EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya huko ikaifuta, kwa hoja kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi na si mchezo unaojitegemea. Sisi hatuchukui hukumu ya dini kutoka mahakama hizo. Tunataja ili mzazi ajue kuwa shaka hii haikuzuliwa na mashekhe. Na hoja ya Uholanzi haitusaidii, kwa sababu Shari'ah inaangalia kila mkataba wenyewe: umelipa nini, na umenunua nini?

Je, kila matumizi ya pesa ndani ya gemu ni haramu? Hapana. Mwezi wa Juni 2021 EA iliweka katika FIFA 21 pakiti ambazo mtu huona kilichomo kabla ya kuamua kununua. Anayemwona mchezaji, akajua bei, kisha akanunua, hajaingia katika gharar ya kutojua kilichomo. Linalobaki ni suala la israfu: je, ni busara kutoa pesa ya daftari za skuli kwa picha ya mtu ambayo mwakani, ikitoka gemu mpya, haitakuwa na thamani?

Wapo pia wanaouliza kama hukumu imebadilika baada ya Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, pamoja na washirika wake wa Kimarekani, kutangaza Septemba 2025 makubaliano ya kuinunua EA kwa dola bilioni 55. Jibu ni hapana. Kamari haiwi halali kwa sababu mwenye duka ni Muislamu.

NAKALA ZA WIZI

Mzee hakuuliza hili, lakini linaambatana na vibanda. Vibanda vingi hutumia gemu zilizovunjwa kufuli. Na vijana wa hapa hapa Tanzania huchukua gemu za zamani za Konami, wakapachika jezi na majina ya Simba na Yanga, na kuzisambaza kwenye simu. Ustadi wao tunaukubali, na laiti wangepewa njia ya kuutumia kwa halali. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi, ugunduzi na majina ya biashara zinalindwa na Shari'ah na haijuzu kuzivamia. Tumeona juu jinsi kampuni moja ilivyolibadilisha jina ili isichukue isichokilipia. Muislamu asiwe nyuma yao katika amana.

NINI AFANYE MZEE WETU?

Kwanza, kijana wa miaka 15. Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, anayetimiza miaka 15 kwa hesabu ya Hijria amebaleghe hata kama alama nyingine hazijaonekana. Kwa hiyo anaandikiwa, na azungumzwe naye kama mtu mwenye dhima, si kama mtoto anayefichwa pedi juu ya kabati.

Pili, pesa za simu. Kuchukua mali ya baba bila idhini ni khiyana, hata kama wanaishi nyumba moja. Atubie, na azirudishe. Mzee akipenda kumsamehe ni fadhila yake, lakini tunamshauri asisamehe haraka. Ampangie kijana azilipe kidogo kidogo kwa kazi ya dukani, ili ajue shilingi hutoka wapi. Na mzee abadilishe namba ya siri ya simu yake leo.

Tatu, ikiwa kuna mechi ambazo hazijalipwa kibandani, kijana anadaiwa nusu yake katika kila mechi, alishinda au alifungwa, kwa sababu wote wawili waliutumia muda. Na ikiwa aliwahi kuchukua zawadi iliyotokana na viingilio, awarudishie wenyewe anaowajua. Asiowajua, atoe sadaka kwa niaba yao. Imepokelewa pia katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, na atoe sadaka. Ikiwa mwaliko tu una kafara, basi uchezaji wenyewe ni mzito zaidi.

Nne, kadi alizokwishazipata kwa pakiti za kubahatisha. Lililopita atubie kwalo, asinunue tena, na akaunti yake asiiuze kwa mwingine.

Tano, mzee aende kwa mwenye kibanda kwa wema, amweleze njia tatu tulizozitaja. Wengi wao ni vijana wanaotafuta riziki na hawajaambiwa. Ikiwezekana amwombe pia azime televisheni wakati wa adhana. Mechi moja ni dakika kumi hivi, na vijana hukubaliana "hii moja tu" mpaka Alasiri ikawapita wakiwa hatua chache na msikiti.

KWA WAZAZI WA VISIWANI

Tusidhani kuwa hili ni la Bara. Mwana wa Unguja akicheza sebuleni kwa simu ya mama yake yuko katika hatari ile ile ya mwana wa Ifakara aliyeko kibandani, na pengine zaidi, kwa sababu kibandani angalau watu wanamwona. Tunawashauri mkae na watoto na muulize maswali manne:

- Unapocheza na mwenzako, nani analipa, na je, anayeshindwa analipa zaidi?

- Ndani ya gemu, kuna kitu unachokinunua kabla ya kukiona?

- Pesa hiyo ni ya nani, na je, mwenyewe anajua?

- Mara ya mwisho ulipocheza, uliswali kwa wakati?

Majibu yakiwa mema, mwacheni mtoto acheze kwa kiasi, na baba akipata nafasi akae acheze naye. Majibu yakiwa mabaya, msiishie kuivunja simu. Kwenye vibanda vya Bara, jirani ya televisheni za gemu mara nyingi husimama zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watu huziita dubwi, na hatua chache mbele yake kuna duka la mikeka ya kubashiri mechi. Kijana aliyezoea kwa shilingi 250 kuwa mpira na pesa huenda pamoja, hatashangaa akialikwa hatua ya pili. Sheria ya nchi inamkataza mtoto chini ya miaka 18 kuingia huko, lakini mazoea yanayompeleka huanzia kwenye benchi la kibanda, mbele ya macho yetu, nasi tukidhani ni mchezo tu. Allaah Ametuelezea katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 90 na 91, kuwa shaytwaan hutia uadui na chuki baina ya watu kwa ulevi na kamari, na huwazuia wasimdhukuru Allaah na wasiswali. Mzee wetu alianza barua yake kwa ugomvi wa vijana na akaimaliza kwa Swalah zinazopotea. Ni yale yale.

Basi ndugu yetu wa Ifakara, usimuulize mwanao kama ni wa FIFA au wa PES. Muulize nani alilipa.

Tunamuomba Allaah Atulindie vizazi vyetu, Atutosheleze kwa halali Yake, na Atuepushe na haramu, kubwa yake na ndogo yake. Na Allaah Anajua zaidi.